Bega limetoka mara ya pili, naweza kucheza Driftwood Sevens?

Kijana_Muyeye

Asalaam aleikum wana jamvi. Naomba mawazo, hasa ya waliocheza raga ama wanaojua mambo ya mifupa. Mimi ni wa hapa Malindi, miaka 21, wikendi hushuka Mombasa kucheza na siku za katikati twafanya mazoezi na vijana wa mtaani hapo Silversands maji yakitoka. Msimu uliopita bega la kulia lilitoka kwa mechi, nikapelekwa sipitali likarudishwa, nikapewa kitambaa cha kuning'iniza mkono na dawa za maumivu, wiki tatu hivi zikapita nikaona liko sawa nikarudi uwanjani.

Sasa juzi mazoezini jamaa kanipita kwa nje, nikanyoosha mkono nimnase, yaani mkono tu mwili umebaki nyuma, nikasikia "tok" na bega likashuka. Waliopitia wajua: bega lawa la mraba, ule mviringo waisha, pale juu pana shimo hata kidole chaingia, na mkono hautaki kurudi ubavuni hata uulipe. Mwenzetu mmoja aliwahi kuona kwa simu vile hufanywa, akanitia mguu kwapani akavuta, likarudi. Maumivu yakakatika hapo hapo kwa hivyo sipitali sikuenda.

Kocha ameniweka kwa kikosi cha Driftwood, yale mashindano ya raga ya wachezaji saba, pale Mombasa Sports Club. Je nikifungwa plasta vizuri nicheze? Kuna bresi ya bega nimeiona mtandaoni, yafaa? Mama naye ataka nipelekwe kwa mzee wa kuchua, na wenzangu wasema ukishakatwa bega raga imeisha. Nimebaki katikati.

Babake_Rayyan

Pole mdogo wangu, usitishwe na watu. Enzi zetu twafungana plasta pembeni ya uwanja, dawa ya kuchua, vidonge viwili, twarudi ndani, na mpaka leo mikono twanyanyua. Wewe badilisha upande tu, mtu mkabe kwa bega la kushoto, la kulia lipumzishe. Driftwood haiji kila wiki bana. Bresi ukiipata vaa, haidhuru kitu.

Sista_wa_Barani

Babake Rayyan nakuheshimu kakangu, lakini huo ushauri upeleke barazani kwa wacheza bao. Hapa kuna kijana wa miaka 21 mwenye mkono mmoja tu wa kulia.

Kijana, mimi ni muuguzi na kabla ya habari za Driftwood nataka ufanye kitu. Chukua kifuniko cha kalamu, gusa ngozi ya nje ya bega, pale askari hushonewa alama za cheo kwa mkono wa shati, gusa la kulia kisha la kushoto. Wahisi sawasawa? Halafu inua mkono kwa upande kidogo, usilazimishe, uone msuli wa bega wakaza ama umelala. Kuna neva imezunguka shingo ya mfupa wa mkono hapo chini ya kiungo, na bega likitoka kwa mbele neva hiyo huvutika. Ndio maana sisi twapima kabla ya kurudisha na twapima tena baada ya kurudisha na kuandika. Wewe umevutwa ufuoni, hakuna aliyepima, kwa hivyo ikipatikana hitilafu leo hakuna ajuaye ililetwa na kule kutoka ama na ule mguu wa kwapani.

Na hili la kuvutana nawaambia wote wanaosoma. Bega kutoka kwaweza kuja pamoja na mfupa kuvunjika, hasa kile kipande cha juu kwa nje ambapo zimeshikilia kano za kuinua mkono. Kwa macho hutofautishi. Mfupa wenye ufa ukiuvuta kwa nguvu waweza kuuvunja kabisa, na mvutaji mwenyewe atakuwa ashaenda kunywa soda. Eksirei kabla, eksirei baada.

Mtu akitoka bega hapo ufuoni mwacheni ashike mkono vile aonavyo nafuu, tieni taulo baina ya mkono na mbavu, fungeni kwa leso ama kikoi, mpandisheni tuktuk na si boda, maana na hizo bampu zetu atafika amezimia. Msimpe chai wala dafu hata akililia kiu, pengine atachomwa sindano ya usingizi na tumbo likiwa na kitu ni hatari. Na msikae, misuli ya bega yazidi kukaza kila muda unavyokwenda na kulirudisha kwawa kazi. Vidole vikiwa baridi na vyeupe, ama kwa kifundo cha mkono mapigo hamyasikii, hiyo si ya kungoja mtu aoge kwanza abadilishe nguo.

Kijana_Muyeye

Sista shukran sana. Nimejaribu na kifuniko. La kushoto nahisi kamili, la kulia nahisi nusu nusu, kuna ganzi upana wa kiganja hivi. Mkono wainuka lakini ukipita usawa wa kifua naona bega kama lataka kutoka tena naushusha. Usiku nikigeuka mkono ukaenda juu ya kichwa naamka na jasho. Mzee wa kuchua Mama ashamwita aje keshokutwa.

Sista_wa_Barani

Keshokutwa ni mbali. Kesho asubuhi nenda sipitali, ukifika sema wazi kwamba ni mara ya pili, kwamba lilirudishwa ufuoni na mtu asiye daktari, na kwamba una ganzi. Usiseme "nimeumia bega" ukanyamaza, utapewa vidonge urudi nyumbani. Hiyo ganzi wengi hurudi sawa ndani ya wiki ama miezi kwa hivyo usilie, ila lazima iandikwe na ifuatwe.

Fizio_Pwani

Nimesoma yote, mtaniwia radhi nitaandika kirefu maana wanaraga wa pwani nimewashika wengi na kila msimu hadithi ni hii hii.

Kiungo cha bega ni kichwa kikubwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kidimbwi kifupi sana cha mfupa wa bega, chukulia chungwa limewekwa juu ya kisahani cha chai. Ndio raha yake, mkono wazunguka kote kote, na ndio balaa lake, hakuna kiungo kikubwa mwilini kitokacho mara nyingi kama hiki, na kikitoka ni zaidi ya mara 9 kati ya 10 kimeelekea mbele. Kinachokizuia ni ukingo wa gegedu uliozunguka kisahani, kano zilizoshikana na ukingo huo, halafu misuli. Kwa kijana aliyetoka bega kwa nguvu ya mchezo mara nyingi ukingo wa mbele hung'oka. Bankart, mpasuaji wa London, aliliandikia jeraha hilo 1923 na mpaka leo laitwa kwa jina lake. Na kile kichwa kikikwama mbele ya kisahani hugonga ncha yake kikabonyea kwa nyuma, hiyo ndiyo Hill-Sachs, ni majina ya madaktari wawili wa Marekani walioieleza 1940.

Sasa sikiliza. Kurudisha bega hakushoni ukingo. Bega limerudi, maumivu yamekatika, wiki tatu zimepita, unafua nguo unakula vizuri waona umepona, na ukingo ungali umeng'oka vile vile. Hapo ndipo vijana wengi hudanganyika. Na kukaa na kitambaa shingoni muda mrefu zaidi hakusaidii vile watu hudhani, kwa vijana haijaonekana kwamba aliyekaa nacho wiki sita lamtoka kidogo kuliko aliyekaa nacho wiki mbili.

Kuna utafiti wa Edinburgh ulichapishwa 2006, walifuata watu 252 wa miaka 15 hadi 35 waliotoka bega mara ya kwanza wakatibiwa bila kupasuliwa. Ndani ya miaka 2 zaidi ya nusu bega lilikuwa limeanza kuwahangaisha tena, kufikia mwaka wa 5 ni thuluthi mbili, na waliokuwa kwa hatari zaidi ni vijana wa kiume. Kijana, hao ni wa mara ya kwanza. Wewe ni wa pili. Mimi sikuulizi tena kama litatoka, nauliza lishakula mfupa kiasi gani, kwa sababu kila likitoka ile ncha ya mbele ya kisahani yasagika, na kisahani kikishapungua hata ushone ukingo namna gani chungwa labingirika tu.

Hili si la kukisia. Mwaka 2000 Burkhart wa Marekani na De Beer wa Afrika Kusini walitoa ripoti ya mabega 194 waliyoyashona kwa kamera ndogo iingizwayo kwa tundu, na wanaraga wa Afrika Kusini walikuwa wengi humo. Wacheza michezo ya kugongana ambao mfupa wao ulikuwa mzima, yaliyotoka tena hayakufika 1 kati ya 10. Wale ambao mfupa ulishapungua sana, karibu 9 kati ya 10. Mchezo ule ule, wapasuaji wale wale, tofauti ni mfupa. Kwa hivyo picha kwanza: eksirei ya mbele na ya upande, halafu MRI ya kuona ukingo, na wakishuku mfupa umepungua utaambiwa CT. Hapo ndipo mtajua mwaongea habari gani.

Babake Rayyan, la kumkaba mtu kwa kushoto peke yake ni la barazani kweli. Mchezo hauchagui. Mtu akikupita kwa kulia, mkono wa kulia watoka kabla hujawaza, na hiyo hali yenyewe, mkono umenyooka nje na nyuma na mwili haujafika, ndiyo iwatoayo wakabaji wengi bega. Nyingine ni mfungaji kujirusha na mpira mkono ukiwa juu halafu mtu amwangukie mgongoni. Nyingine kugongwa bega lenyewe mkono uko ubavuni. Ufundi wa kukaba wasaidia: peleka miguu karibu kwanza, bega liguse kabla ya mkono, kichwa upande salama. Lakini ni wa kuzuia la kwanza, la pili lishakupata.

Bresi: zile zenye vyuma ama plastiki ngumu refa hakuruhusu, sheria za World Rugby zataka kitu laini, unene usipite sentimita 1. Na ile sponji ya mabegani yapunguza michubuko tu, haizuii bega kutoka. Plasta nayo hulegea ukitoa jasho, na jasho la Mombasa twalijua sote.

Driftwood hii isahau. Hata ungekuwa hupasuliwi ni miezi mitatu hivi ya mazoezi kabla ya kugongana na mtu, na nikupime kwanza: mkono uzunguke kamili, nguvu ikaribie sawa na ya kushoto, na nikiuinua mkono wako kwa nje na kuupeleka nyuma kama wa mtu arushaye jiwe, uso wako usibadilike. Kwa sasa wasema ukipita kifua unaushusha. Mwili wako ushakujibu.

Mjukuu_wa_Mganga

Naona wazee wetu mwawatupa hivi hivi. Babu yangu alikuwa akirudisha mabega ya wavuvi na wabeba mizigo hapa Malindi miaka na miaka kabla ya hizo MRI zenu, na sikumwona hata siku moja akitia mguu kwapani. Akimkalisha mtu kitini, amwambia kaa wima vuta kifua, mkono wa mgonjwa aukunja kwa kiwiko auweka begani kwake mwenyewe, halafu apaka mafuta ya simsim anachua taratibu hapa juu baina ya shingo na bega, anashuka kwenye msuli wa bega, anashuka mpaka misuli ya mkono, huku anampigisha mtu hadithi za bahari. Ghafla mgonjwa asema "limeingia". Bila kelele. Vijana wa siku hizi waona video ya dakika moja wajiita mafundi.

Fizio_Pwani

Mjukuu, hujanikosea na wala Babu sijamkosea. Hayo uliyoyaeleza kuna daktari wa Australia, Cunningham, aliyachapisha 2003: mgonjwa ameketi wima, mabega nyuma, kiwiko kimekunjwa na mkono umelazwa begani kwa daktari, misuli ile ile mitatu yakandwa mpaka ilegee na bega lajirudia lenyewe bila kuvutwa. Nimeona likifanywa hospitalini na mgonjwa hajachomwa sindano hata moja. Kwa hivyo mkono wa Babu ulikuwa wajua kitu. Tena mvutano wa mguu kwapani ni wa zamani mno, wa enzi za Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki ya kale, na hospitali nyingi siku hizi hawautaki kwa sababu ya hizo neva.

Ambacho Babu hakuwa nacho ni eksirei ya kumwonyesha kama pana ufa. Na kumbuka wavuvi wake wakishapona hawakurudi kugongana na watu wa kilo 100. Kijana yeye bega lishaingia, hana cha kurudishiwa, kuchuliwa sasa ni kutafuta starehe. Mzee akimkanda shingo na mgongo sawa, akianza kuuzungusha ule mkono na kuuvuta "uachie" hapo nakataa.

Wing_wa_Zamani

Mdogo wangu mimi nimekatwa, niulize mimi. Langu lilikuwa likitoka mpaka nikipiga chafya, mwisho mtu hata kutoa shati kichwani waogopa. Picha zikaonyesha ncha ya mbele ya mfupa imesagika, daktari akasema kushona pekee hakutoshi, nikafanyiwa ile ya Latarjet. Ni ya Mfaransa mmoja wa Lyon, ya tangu 1954. Wakata kijipande cha mfupa chenye misuli yake hapo hapo mbele ya bega, wakihamishia ukingoni pale paliposagika, wakipiga skrubu mbili. Mfupa waongezeka upana na ile misuli yakaa mbele yazuia kichwa kisipite. Shujaa, timu yetu ya Kenya ya raga ya saba, walipoitandika Fiji 30-7 wakachukua kombe la Singapore 2016 mimi natazama nyumbani mkono uko shingoni, nashangilia kwa mkono mmoja nagonga meza.

Si kweli kwamba ukikatwa raga imeisha. Nilirudi kucheza baada ya nusu mwaka hivi, na nikacheza misimu. Lakini nisikupake mafuta: mkono wangu ukiuzungusha kwa nje haufiki pale wa kushoto ufikapo, kurusha mpira mrefu kulia nilipoteza kidogo, na siku za baridi lanikumbusha. Wiki za kwanza ndio mtihani. Kulala ni kwa kuegemea mito kitini. Kuswali nilikaa kwa kiti, kusujudu kwa kujiegemeza mkono huo usijaribu. Kwapa waoshaje? Inama mbele uache mkono uning'inie wenyewe, utafunguka bila kuinuliwa, mwaga maji. Kanzu: mkono mbovu ndio wa kwanza kuingia, halafu kichwa, halafu mzima, ukivua mbovu ndio wa mwisho kutoka. Hilo alinifunza mke wangu baada ya mimi kupiga kelele nyumba nzima ikaamka.

Na kabla hujakubali tarehe uliza mambo mawili. Mpasuaji amefanya mabega mangapi ya namna hiyo, usione haya kuuliza. La pili SHA, ile bima ya afya ya serikali, watalipa mpaka wapi, na zile skrubu zimo ndani ama wazinunua wewe. Mengine mtu hushtukia dirishani kwa keshia.

Babake_Rayyan

Haya nimechapwa vya kutosha leo. Lakini sista kuna watu walicheza na plasta wakawa sawa, hilo nalo mulikubali.

Sista_wa_Barani

Wapo kakangu. Nao hawaji kwetu, twawaona wale wengine.

Binti_Amu

Samahani naingilia kati, mimi niko Lamu. Ami yangu ana miaka 58, aliteleza akishuka kwa mashua gatini, akajishika kwa mkono bega likatoka, likarudishwa siku ile ile. Mwezi ushapita na mkono hauinuki kamwe, akitaka kunywa chai aubeba kwa mkono wa pili. Watu wamwambia ni uzee na avumilie, mambo ya mifupa hayana ndia ya mkato. Na yeye ni hayo ya ukingo?

Fizio_Pwani

Dada, kwa umri wa ami yako hadithi yageuka. Akishapita miaka 40 hivi bega kutoka tena si hofu kubwa sana, hofu ni kano za kuinua mkono kukatika wakati ule lilipotoka. Mtu ambaye bega limerudi na wiki kadhaa baadaye bado hawezi kuuinua mkono mwenyewe, ila akiuinua kwa mkono wa pili wapanda, huyo ni wa kutazamwa kano na pia ile neva aliyoitaja sista. Picha ya ultrasound yatosha kuanzia kama yupo mpigaji mzuri. Na si ya kungoja mwaka, kano iliyokatika hujivuta nyuma na msuli wake ukageuka mafuta, ikifika hapo hata mpasuaji hana cha kushika. Anzeni hapo hapo King Fahd, waelezeni alianguka lini na kwamba haukuinuka tangu siku hiyo. Uzee haumjii mtu siku moja gatini.

Sista_wa_Barani

Na nikiongezea, mtu aliyepigwa na umeme ama aliyeanguka kifafa akaamka na bega limekwama, mkono wageuka ndani kabisa na hauzunguki nje, hilo mara nyingine limetoka kwa nyuma. Eksirei ya mbele peke yake yaweza kuonekana safi mkarudishwa nyumbani. Ombeni na ya upande.

Binti_Amu

Mungu awalipe. Jumatatu tuko nae King Fahd.

Kijana_Muyeye

Nimerudi na majibu. Nimepigwa eksirei, hakuna mvunjiko mpya, ila kwa nyuma ya kile kichwa cha mfupa pana kibonyeo, daktari amenionyesha kwa kioo cha kompyuta. Ganzi imeandikwa, amenipima na sindano isiyochoma akachora mpaka wake kwa kalamu ngozini nikapiga picha, niangalie kama wapungua. Nimepewa barua ya MRI Mombasa na ya kumwona mpasuaji wa mifupa. Kocha nimempigia, amenyamaza kidogo halafu akasema nije Driftwood nishike kamera. Mama amekubali mzee akande mgongo tu, na kaambiwa mkono asiuguse.

Swali la mwisho, kukimbia naruhusiwa? Na baiskeli? Nikikaa tu nitanenepa.

Wing_wa_Zamani

Eksirei usibebe ya kupiga picha na simu, itisha CD ama filamu zenyewe, na ile ya mara ya kwanza pia ukiipata. Mpasuaji akilinganisha ya msimu uliopita na ya sasa aona mfupa umepungua ama la.

Fizio_Pwani

Baiskeli ile ya kusimama jimu anza hata wiki hii, mkono ukiwa umefungwa. Kukimbia ngoja kitambaa kitoke na maumivu yapungue, na ukianza kimbia barabarani pagumu, si mchangani, mchanga wayumbisha mwili. Baiskeli ya barabarani hapana, ukianguka utajikinga kwa mkono huo huo. Kuogelea hapana mpaka nikuambie. Bonyeza kiganja ukutani kwa nje na kwa ndani, kiwiko kimebana ubavuni, bila kusogeza bega, taratibu mara kadhaa kwa siku, na ikiuma acha. MRI ikitoka ije na ripoti yake hapa tuisome.